Yuleyule na Mwenyewe: Ubongo Uliotikisika na Maana ya Kupona

Kitenzi "kupona" katika Kiswahili hubeba maana mbili ambazo wasemaji huziunganisha bila kutambua, kwa sababu aliyenusurika hatari husemwa kuwa amepona na aliyeondokewa na ugonjwa naye husemwa kuwa amepona, ilhali la kwanza hutimia kwa nukta moja na la pili huweza kudai miezi. Mara nyingi muungano huo hauna madhara, kwa kuwa aliyevunjika mguu hutembea na ushahidi wa plasta na mikongojo, na hakuna atakayemwambia kwamba amekwisha kupona eti kwa sababu hakufa. Lipo hata hivyo jeraha moja ambalo maana hizo mbili hulichanganya kabisa, nalo ni mtikisiko wa ubongo, ambao matabibu huuweka katika kundi la majeraha hafifu ya ubongo: ajali imekwisha, damu haionekani, mtu anatembea na kuitika anapoitwa, na majirani wanamshukuru Mungu kwamba amepona, siku ileile ambapo kupona kwa maana ya pili ndiyo kwanza kunaanza. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo falsafa na dini zimelizunguka kwa muda mrefu bila kulikabili katika sura hii ndogo na ya kila siku, yaani anayepona ubongo hupona nini hasa, na anayefika mwisho wa safari hiyo ni nani.

Katika Mukuru kwa Reuben, mtaa wa Embakasi Kusini uliobanana kati ya viwanda vya Nairobi na Mto Ngong, swali hilo halingoji wanafalsafa. Huu ni mtaa wa nyumba za mabati za chumba kimoja, aghalabu futi kumi kwa kumi, ambao pamoja na majirani zake Mukuru kwa Njenga na Viwandani ulitangazwa na Kaunti ya Nairobi mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la upangaji, na ambao wakazi wake wengi huamkia malango ya viwanda kutafuta kibarua, au mjengo, au bodaboda, au mkokoteni. Kazi zote hizo huweka kichwa karibu na kitu kigumu, iwe ni jiwe linaloteleza kutoka ghorofa ya pili, chuma kinachoning'inia ghalani, au lami ya barabara ambayo abiria wa bodaboda huiangukia bila helmeti, ingawa uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya jeraha la kichwa kwa mwendesha pikipiki kwa takriban asilimia 69.

Jeraha huitwa hafifu kwa vipimo vitatu. Kupoteza fahamu, kukitokea, kusizidi dakika 30. Usahaulifu wa yaliyolizunguka tukio usizidi saa 24. Na alama za kipimo cha Glasgow, ambacho Graham Teasdale na Bryan Jennett walikitunga mwaka 1974 ili kukadiria uamkaji wa mgonjwa kwa macho, usemi na mwendo wa viungo, ziwe kati ya 13 na 15, na 15 ndiyo alama ya juu kabisa. Kati ya asilimia 70 na 90 ya majeraha ya ubongo yanayotibiwa huingia katika kundi hili. Ni dhahiri kwamba neno "hafifu" linaeleza hali ya mtu katika saa za mwanzo tu na halisemi lolote juu ya mwezi wake wa pili. Ni neno la chumba cha dharura, lenye kazi yake halali ya kumtenga huyu na yule anayehitaji kufunguliwa fuvu usiku huohuo, lakini likifika nyumbani na kwa nyapara hugeuka kuwa hukumu, na atakayeendelea kulalamika baada yake huonekana mvivu.

Kinachotendeka ndani ya fuvu hakilingani na uhafifu wa jina. Ubongo ni laini, na kichwa kinaposimamishwa ghafla wenyewe huendelea kwenda, ukajinyonga na kujivuta, na kinachovutwa zaidi ni aksoni, yaani nyuzi ndefu ambazo kwazo seli ya neva hupeleka ishara kwa nyenzake. Christopher Giza na David Hovda wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza mwaka 2001 mfuatano unaofuata hapo: potasiamu humiminika nje ya seli na kalsiamu huingia ndani, seli hulazimika kutumia nguvu nyingi kurudisha mizani hiyo, na wakati huohuo mtiririko wa damu inayoleta glukosi, chakula chake, unaweza kuwa umepungua. Mtu anakuwa na ubongo wenye njaa ndani ya kichwa kisicho na kidonda, na ndiyo sababu skani ya kichwa, ambayo hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliopasuka, kwa kawaida hutoka safi. Kutapika tena na tena, usingizi usioamshika, degedege au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni dalili za jambo jingine na hudai hospitali mara moja. Lakini kwa walio wengi kizunguzungu, maumivu ya kichwa, usahaulifu, hasira za haraka na kutovumilia mwanga na kelele hupungua ndani ya wiki chache. Wapo wachache ambao miezi mitatu hupita na dalili zikabaki, na hao ndio wanaoipa insha hii uzito wake.

Wahenga walikuwa na nadharia ya ubongo kabla ya kuwapo maabara, nayo imehifadhiwa katika methali mbili: samaki mkunje angali mbichi, na udongo uwahi ungali maji. Zote mbili zadai kwamba umbile la mtu hupokea mkono wa mfinyanzi mapema, kisha hukauka. Sayansi ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na mawazo hayohayo, kwani Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1906 kwa kazi yake juu ya muundo wa mfumo wa neva, aliamini kwamba njia za neva za mtu mzima zimekwisha kufungwa. Hata hivyo Mmarekani William James alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1890 kwamba mazoea yanawezekana kwa sababu ubongo una umbile linalokubali kubadilika, lakini polepole, bila kuporomoka; na mwaka 1949 Donald Hebb wa Kanada akapendekeza namna, kwamba seli mbili zinazoamka pamoja mara kwa mara huimarisha sinapsi, yaani kiungo ambacho kwacho moja huisemesha nyingine. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake waliwapima madereva wa teksi wa London, watu wazima waliokariri maelfu ya mitaa, na wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachohusika na kumbukumbu na mahali, ni kubwa kuliko ya watu wengine na huongezeka kadiri ya miaka ya kazi. Uwezo huo wa ubongo kujifinyanga ndio unaoitwa plastisiti, na kwa ushahidi wake wahenga walikosea kuhusu umri, ingawa hawakukosea kuhusu udongo.

Mfano wa udongo unastahili kufuatwa mbele kidogo, kwa sababu waandishi wengi wa habari njema za ubongo huuacha pale unapopendeza. Udongo haumchagui mfinyanzi. Hupokea kidole cha fundi na hupokea pia kwato za mbuzi aliyepita, na ubongo vilevile hujifunza chochote kinachorudiwa, kiwe cha manufaa au cha madhara, hata ukaweza kujifunza maumivu yenyewe, njia zake zikazoea kupiga kengele baada ya moto kuzimika. Anayemeza vidonge vya kutuliza maumivu kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, na ambaye huvipata kimojakimoja kwenye kemisti bila kuulizwa, baada ya miezi kadhaa anaweza kuumwa kichwa kwa sababu ya vidonge hivyo. Kwa dawa za mchanganyiko zenye kafeini siku 10 zatosha. Anayeaminishwa tangu siku ya kwanza kwamba kichwa kikigongwa hakiponi huziwinda dalili, akazihesabu, na kwa kuzihesabu akazipalilia. Na anayefungiwa gizani kwa mwezi mzima kwa jina la mapumziko hunyimwa hasa kile ambacho ubongo unajifinyangia, ndiyo maana ushauri wa matabibu umebadilika: mapumziko ya siku moja au mbili, kisha kurudi katika mwendo wa maisha kwa hatua ndogo, kwa tahadhari kubwa dhidi ya pigo la pili. John Leddy na wenzake walichapisha mwaka 2019 jaribio kwa vijana wanamichezo waliotikiswa ubongo, ambapo waliopewa mazoezi mepesi ya kuongeza mapigo ya moyo yaliyopimwa walipata nafuu kwa wastani wa siku 13 na waliopewa mazoezi ya kujinyoosha tu kwa siku 17. Siku nne si muujiza, lakini zinatosha kuonyesha kwamba hakuna tabibu anayeupa ubongo uponyaji kama mtu apewaye maji. Ubongo huwekewa mazingira ambamo hujiponya, au hauwekewi.

Hapa ndipo Mukuru inapowauliza wenye habari njema swali gumu. Kurudi kwa hatua ndogo kunamhitaji mtu awe na kazi inayokatika vipande, leo saa mbili na kesho saa tatu, lakini lango la kiwanda halina kibarua cha saa mbili, na asiyeingia alfajiri jina lake huchukuliwa na aliye nyuma yake. Usingizi, ambao ubongo unauhitaji ili kuimarisha ulichojifunza, hutafutwa nyuma ya ukuta wa bati ambao upande wa pili wake kuna redio ya jirani, mtoto mchanga na karakana ya kuchomelea vyuma. Hatua ya kwanza ya tiba ni utulivu, na utulivu una kodi yake ya nyumba. Kwa hiyo anaposimama mhubiri wa sayansi akasema kwamba ubongo hujiponya wenyewe, ahadi hiyo ikishuka mtaani huweza kugeuka shtaka: ikiwa ubongo hujiponya, basi asiyepona ana kasoro ya nia.

Mfaransa Catherine Malabou ameliona shtaka hilo kwa mbali, katika kitabu chake cha mwaka 2004 juu ya nini mwanadamu afanye na ubongo wake, alipotenganisha mambo mawili yanayouzwa pamoja. Kunyumbulika, kwa maoni yake, ni kupokea umbo tu, kupindwa na kurudi bila kukatika, na hiyo ndiyo sifa ambayo soko la kazi humtaka mfanyakazi awe nayo. Plastisiti ni kupokea umbo na pia kulitoa, na tena ina sura ya tatu ya kutisha, uwezo wa kulipuka na kulifuta umbo la awali, kama baruti iitwayo ya plastiki. Sarufi ya Kiswahili ingeweza kumsaidia Malabou kwa maumbo matatu tu ya kitenzi kimoja, kwani kufinyangwa si kujifinyanga, na kujifinyanga si kufinyanga. Kibarua wa Mukuru hufinyangwa kila siku na kila mtu, na hahitaji jeraha limfundishe kunyumbulika. Anachokosa ni ile nafasi ya kujifinyanga, yaani saa zilizo mikononi mwake. Kuita mateso yake ustahimilivu, kama ilivyo desturi ya ripoti za wafadhili, ni kumsifu kwa kunyimwa.

Historia ya Kenya ina jibu moja la kale kwa jeraha lisiloonekana, na limetoka kwa watu ambao watoto wao wengi leo ni wapangaji wa Mukuru. Miongoni mwa Abagusii walikuwapo mafundi waliojulikana kama omobari, wapasuaji wa kichwa, ambao waliifungua ngozi ya utosi na kuukwangua mfupa wa fuvu hadi kukaribia utando wa ubongo, na sababu kuu ya kuwaendea ilikuwa maumivu ya kichwa yasiyokwisha baada ya pigo. Edward Margetts, daktari wa akili kutoka Kanada aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, miaka ya 1950, aliwachunguza mafundi hao na wagonjwa wao, na madaktari wengine wakaandika juu yao hadi miaka ya 1980. Hakuna haja ya kuutetea upasuaji huo kama tiba. Hatari yake ni wazi na nadharia yake, kwamba maumivu hutoka katika ufa wa mfupa, haiafikiani na kinachojulikana sasa kuhusu aksoni. Lakini omobari alimtendea mgonjwa jambo ambalo skani safi haiwezi kulitenda, kwa kuwa alikubali kwamba pigo la mwaka jana lingali linaendelea leo, akalipa mahali, akalipa kovu, na kovu hilo likawa ushahidi ambao ukoo mzima ungeweza kuuona. Yawezekana sehemu ya nafuu iliyosimuliwa ilitoka hapo, katika kuaminiwa, na wala hilo si jambo dogo wala la kishirikina, kwa kuwa tayari imeonekana jinsi tarajio linavyoingia katika njia za neva na kukaa humo.

Baada ya kuaminiwa hubaki swali la nani aliyepona. John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alifundisha kwamba mtu hufika pale kumbukumbu yake inapofika, na kwamba umoja wa nafsi ni umoja wa fahamu inayojikumbuka. Aliyetikiswa ubongo ana shimo katikati ya fahamu hiyo, dakika au saa ambazo hazikuandikwa popote kichwani mwake wala hazitarudi, na kwa kanuni ya Locke ikichukuliwa kwa ukali, aliyeanguka si yeye. Mtaani shimo hilo halibaki tupu. Mwenye kibanda cha chai alimwona akianguka, mwenzake wa zamu alimbeba, mama wa ploti alimsikia akiuliza swali moja mara kumi, na kwa siku kadhaa husimuliwa mambo yake hadi yakawa yake tena kwa njia ya masikio. Kumbukumbu za mtu, kumbe, hazikuwa zote kichwani mwake hata kabla ya ajali. Futi kumi kwa kumi zina ubaya wake mwingi, lakini hazimwachi mtu aanguke bila shahidi.

Paul Ricoeur, mwaka 1990, alipendekeza kutenganisha namna mbili za kuwa mmoja, na kwa kuwa Kifaransa hutumia neno moja kwa zote mbili ilimlazimu kukopa maneno ya Kilatini, ambapo Kiswahili kingemkopesha yaliyo tayari. Namna ya kwanza ni ya yuleyule, kudumu kwa sifa zinazotambulika, kama sauti, tabia, kasi ya hesabu na subira kwa watoto. Namna ya pili ni ya mwenyewe, ambaye hata sifa zikibadilika hubaki akilijibu jina lake na kulishika neno alilolitoa. Familia inaposema kwamba mtu wao "si yule", inasema kweli kuhusu la kwanza, na anapokasirika kwamba yeye ni yeye, naye anasema kweli kuhusu la pili. Ugomvi mwingi wa nyumba zenye mgonjwa wa aina hii hutokana na pande mbili kusema kweli mbili kwa kiwakilishi kimoja.

Ombi la kawaida katika makanisa ya mabati ya mtaa huo ni kwamba mgonjwa arudishwe kama zamani. Neno hilo "zamani" lina historia yake katika fikra za Kenya, kwani John Mbiti, mwanatheolojia kutoka Kitui, aliliingiza pamoja na "sasa" katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, akieleza kwamba matukio hutoka katika Sasa na kuzama katika Zamani, ambayo ni ghala la yaliyokamilika. Madai yake kuhusu uhaba wa wakati ujao katika fikra za Kiafrika yamepingwa sana, na kwa haki. Lakini picha yake ya mwelekeo inafaa hapa, kwa sababu inaonyesha kwamba zamani hupokea tu na hairudishi, na kwamba mtu wa kabla ya pigo amekwisha kuingia humo. Ubongo wenyewe unakubaliana naye, kwani sehemu ya nafuu yake hupatikana kwa kuchonga njia ya pembeni, na njia ya pembeni humfikisha msafiri akiwa na vumbi tofauti.

Maandiko yanayosomwa katika makanisa hayo hayaahidi kurudi pia, yakisomwa bila haraka. Ayubu mwishoni alipewa mali maradufu, na wana saba na mabinti watatu, idadi ileile ya waliokufa, lakini hakuna msomaji mwenye watoto anayeamini kwamba wa pili ni wale wa kwanza. Injili ya Yohana nayo yasimulia kwamba aliyefufuka alimwonyesha Tomaso majeraha, na yafaa kushangaa kwamba mwili ulioshinda kifo haukuwa umeziba matundu yake. Tomaso alimtambua kwa kilichobadilika, si kwa kilichobaki kama kilivyokuwa. Mchungaji atakayehubiri hivyo atapoteza baadhi ya waumini wanaotaka ushuhuda wa Jumapili moja, lakini hatamlazimisha mgonjwa wa mwezi wa nne kusimama mbele na kutangaza uponyaji ambao kichwa chake hakijausikia.

Kuhusu neno lililotolewa na kushikwa, ambalo Ricoeur aliliweka kuwa kiini cha mwenyewe, mtaa una kipimo chake, nacho ni chama. Wanachama huweka fedha kwa zamu, kila wiki au kila mwezi, na aliyeumia kichwa huweza kuisahau siku yake mara mbili mfululizo ingawa hajakusudia kuikana. Mweka hazina anapomtumia mtoto kumkumbusha, na yeye akazitoa shilingi alizokuwa amekwisha kuzitenga chini ya godoro, mwanafalsafa mkali atauliza kama ahadi iliyokumbushwa na mwingine ni ahadi ya mwenyewe. Swali hilo lingekuwa na nguvu kama wanachama wengine wangekuwa wanakumbuka kwa vichwa vyao, lakini chama chote, wenye afya na wasio nayo, kimekuwa tangu mwanzo kikikumbuka kwa daftari la mistari linalokaa kwa mweka hazina, na siku hiyo safu yake huwekewa alama ya kalamu kama za wengine, chini ya jina lilelile.